Sahani ya Bibi Haina Chokaa

Mjini Ibra, Alhamisi

Mdogo wangu Maulida,

Shikamoo yako mwanangu Hiba kanifikishia, marahaba. Sote wazima, mitende imezaa, goti langu ndilo lile lile.

Jana niliiteremsha sahani ya Bibi niipanguse. Ile ya Kichina, yenye mfumaji na mchunga ng'ombe waliotengwa na mto wa nyota, wakutanao mara moja kwa mwaka juu ya daraja la ndege. Mbele wako wote. Nyuma safi, haina hata chembe ya chokaa! Nawe unajua sahani ile ilibanduliwa ukutani kwetu Unguja tulipohamia huku, na chokaa iliyogandia nyuma Bibi alikataza isitolewe. "Ndiyo nyumba yetu hiyo," akisema.

Hii siyo. Kuna mtu kaibadilisha.

Idi iliyopita ulilala peke yako chumba kile chenye sahani. Ukaondoka na begi zito, wala hukutaka shemeji yako akuchukulie.

Sijamwambia mtu. Nimeirudisha ukutani. Wale wawili hukutana mara moja kwa mwaka, na sisi vivyo hivyo. Idi hii njoo. Nitakutilia halua humo humo sahanini, nikutazame unavyoila.

Dada yako,
Ghaniya