Askari wa Damu ya Dada

Dada Eduvigis, mkali wetu,

Salamu kutoka Havana. Jirani Hilario bado anapuliza tarumbeta kama mbuzi anayechinjwa.

Mimi nina saratani ya damu. Daktari anasema damuni kuna askari wenye vipokezi, kama vidole vya kupapasa. Vikigusa seli mbovu, askari huamka akaiua. Wangu wamelala.

Nikamwambia, “Dada yangu alikuwa akinipapasa mfuko tu, anajua nimeiba jemu ya mapera!”

Akacheka. “Basi mzee, mlete huyo atugawie askari wake, tukutie mwilini.”

Nyumba ya mama tuliyoigombania hadi tukaacha kusemezana miaka tisa, ichukue pamoja na panya wake. Njoo Alhamisi. Leo sikutanii, dada. Naogopa.

Mdogo wako,
Eleuterio