Cheti cha Mwezi wa Tano

Kinondoni,
18 Juni 2025

Mdogo wangu Brightson,

Habari za huko? Unakula? Kifua hakikusumbui? Huku tu wazima, ila mama amepungua na baba haongei. Siku ile nilipokuja kukuona nilisimama kimya mpaka muda ukaisha. Unanijua. Kwenye karatasi naweza.

Jana alikuja Bi Farida, afisa ustawi wa jamii. Alikataa kiti, akakaa mkekani na mama. Aliuliza rafiki zako ni nani, na lini ulianza kutoroka shule kwenda kushinda Ubungo. Kisha akaomba cheti chako cha kuzaliwa. Alisema kama hujafika miaka kumi na minane, kesi yako inatakiwa kwenda mahakama ya watoto, na wewe utolewe kwenye mahabusu ya wakubwa.

Nilikileta mwenyewe, mbio. Kinasema 11 Mei 2007. Kwa hiyo ulitimiza kumi na minane wiki mbili kabla ya kukamatwa.

Bi Farida alikisoma mara mbili, akamtazama mama. Mama akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala, kama anavyofanyaga kila siku yako ya kuzaliwa, akishakupikia ndizi ambazo yeye haonji.

Kesi inatajwa tarehe 14 Julai. Ile simu wanayosema uliiba, uliichukua? Niambie ukweli.

Dada yako,
Clara


Mahabusu,
29 Juni 2025

Dada Clara,

Za nyumbani? Mie mzima, kifua kimetulia. Sabuni imefika.

Simu niliichukua. Sijasingiziwa. Yule braza alikuwa anapanda basi, simu inachungulia mfukoni, washikaji wakasema, "We mdogo mdogo, ingia." Nikaingia. Mbio ndizo zilizonishinda.

Humu tunalala ubavu. Mmoja akigeuka, mstari wote unageuka. Kuna mzee anaitwa Hija, yeye hunilaza upande wa ukutani. Siku ya kwanza aliniuliza, "We kibushuti, una miaka mingapi?" Nikamwambia kumi na nane. Akasema, "Labda ukijumlisha na ya mama yako." Selo nzima ikacheka. Nikakumbuka darasa la kwanza, nilivyokuwaga mfupi kuliko wote.

Mwambie Bi Farida asante, ila cheti kimeshasema. Mama asihangaike. Lakini dada, humu watu wananifundisha mambo. Kuna mmoja anasema nikitoka nimtafute, atanipa kazi ya maana kuliko simu. Anaongea vizuri, na chakula ananigawia. Naogopa nitazoea.

Mdogo wako,
Brightson


Kinondoni,
16 Julai 2025

Mdogo wangu,

Hujambo? Natumaini huko kwa watoto wenzako umepata kitanda. Juzi mahakamani ulisikia aliyoyasema mama, lakini ulikuwa umeinamisha kichwa. Mie nilikuwa namwangalia. Na hujui yaliyotangulia.

Barua yako niliwasomea kwa sauti. Nilipofika kwenye "naogopa nitazoea", mama akaomba nirudie. Nikarudia. Ndipo akatuambia kulikuwa na Brightson mwingine. Baba alijua, mie nilikuwa mdogo mno kukumbuka. Alizaliwa Mei 2007, baba alipokuwa akifundisha Kimbiji, na homa ikamchukua akiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata, 22 Agosti 2009, ukapewa jina lake. Ulipofika wakati wa kuandikishwa shule, cheti chake kilikuwapo.

"Jina lilikuwa lile lile," mama akasema. "Nikaona nipange foleni ya nini."

Baba akamwambia, "Kokuberwa, ukikikana hicho cheti mbele ya hakimu, utafungwa wewe badala ya mtoto."

Mama hakubishana. Asubuhi alivaa gauni la kanisani, tukaenda Kimbiji. Katekista alitufungulia daftari la maziko, nikausoma mimi mstari wenye jina lake, kwa sababu mama hakuweza kuuona kwa machozi. Kisha akatembea mpaka kaburini bila kuuliza mtu, baada ya miaka kumi na saba, akaanza kung'oa majani. Nilimsaidia. Tuliporudi alifungua sanduku lake, akatoa kadi yako ya kliniki, ile ya kweli, akampelekea Bi Farida pamoja na nakala ya daftari.

Sasa juzi. Hakimu alipomuuliza, "Mama, unajua kwamba kumwandikisha mtoto kwa cheti cha mwingine ni kosa?" nilidhani atalia. Aliweka mikono kwenye kizimba.

"Najua, mheshimiwa. Hilo niandikie mimi. La simu mwandikie yeye. Ila kila mmoja aandikiwe kwa umri wake."

Hakimu aliweka kalamu chini. Alipompa onyo na kumwagiza akutafutie cheti chako mwenyewe, niligeuka nikamwona baba benchi la nyuma, kavaa koti. Hakuwa amesema atakuja. Tulipotoka alimbebea mama mkoba mpaka kituoni.

Mie naona aibu hata kuomba chenji dukani. Lakini tangu juzi najiambia, Clara, yule aliyesimama pale ndiye aliyekuzaa.

Dada yako,
Clara


Mahabusu ya Watoto,
23 Agosti 2025

Dada Clara,

Hujambo? Baba na mama je? Mie sijambo. Kitanda ninacho, ila wiki ya kwanza nilikuwa nikitaka kugeuka, nasubiri mstari.

Mahakama ya watoto ni chumba chenye meza, hakuna sare ya polisi. Hakimu aliniuliza polepole, nikakiri. Mwenye simu alikuwapo. Nilimwomba msamaha, akasema amesamehe simu, ila nilimkanyaga kidole na bado kinamuuma. Nimepewa mwaka mmoja chini ya uangalizi wa Bi Farida. Shule kila siku, Ubungo marufuku. Karatasi zikisainiwa Jumatatu, narudi nyumbani.

Jana mama alikuja peke yake na bakuli la ndizi na vijiko viwili. Akasema, "Leo ndiyo siku yako. Ya Mei ilikuwa ya kaka yako." Nikala, huku nasubiri ashike kichwa aseme kinamuuma. Hakushika. Alichukua kijiko cha pili, akala na mimi mpaka chini, akabaki anaangalia kipande cha mwisho.

Nikamwachia.

Mdogo wako,
Brightson wa Pili