Kadi ya Mistari Kabatini

Mpendwa Shangazi wa redioni, naomba msaada wako, na pia naomba usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua. Mimi ni mwalimu wa fizikia, madarasa ya juu ya sekondari, huu ni mwaka wa kumi na mmoja, kichwa changu hakina hata unywele mmoja na wanafunzi wananiita Balbu, hilo nimelizoea, linaloninyima raha ni kadi.

Mwaka wangu wa kwanza nilitakiwa kuonyesha darasani kwamba nuru ni wimbi, yaani unamulika leza kwenye nyufa mbili nyembamba zilizokaribiana, na kule ukutani unapata mistari, mwanga, giza, mwanga, giza, kwa sababu mawimbi yakifika kwa hatua moja yanaongezeana nguvu na yakipishana yanafutana, sasa mimi nyufa zangu nilizichana kwa kisu cha jikoni zikatoka pana kama mlango, nikapata doa moja kubwa jekundu, na mkaguzi anakuja kesho yake, nikachanganyikiwa, nikachukua kadi nyeupe, penseli na rula, nikachora mistari hafifu kila baada ya sentimita moja, nikaitundika ukutani na kufunga mapazia, doa likaiangukia kadi, mistari ikaonekana safi kabisa na mkaguzi akanipa mkono. Nikasema nitatengeneza nyufa nzuri muhula ujao. Shangazi, muhula huo bado haujafika, na kadi naitoa kabatini kila mwaka.

Mwaka huu nina binti mmoja darasani, wenzake wanamwita Mbona kwa kuwa kila swali lake linaanza hivyo. Siku ya onyesho aliinuka bila ruhusa, akaichomoa kadi ukutani, akaisogeza karibu na leza, akasema, "Mwalimu, mbona umbali umepungua na mistari haijabanana?" Nikamwambia kaa chini. Akakaa. Wiki iliyofuata akaleta ripoti ya jaribio alilofanya nyumbani kwa unywele wake mwenyewe, eti unywele mmoja ukiukinga mbele ya leza nao hupindisha nuru na kutoa mistari, ukuta ulikuwa umbali wa mita mbili, mistari ikaachana kwa sentimita moja nukta sita, na kutokana na hapo akapiga hesabu ya unene wa unywele, na hesabu ilikuwa sahihi, nami nikampa nne kwa ishirini na kuandika kwa wino mwekundu, "Matokeo hayalingani na ya darasani."

Sasa ameleta fomu ya kuacha fizikia. Kwenye nafasi ya sababu ameandika, "Nimerudia mara saba na sijapata mistari kama ya Mwalimu. Nadhani sina mkono wa fizikia." Fomu iko kwenye droo yangu, mwisho wa kuisaini ni Ijumaa. Mke wangu anasema niichome kadi na nikae kimya, lakini mke wangu hajaisoma ile fomu. Nifanyeje?

Ni mimi, Balbu.

*

Balbu, nimekucheka. Nilijitahidi kujizuia, nikashindwa pale kwenye kisu cha jikoni. Kisha nikafika kwenye fomu, na kicheko kikakauka.

Siku ile ya kwanza nakuhurumia. Mkaguzi yuko mlangoni, wewe mgeni kazini, nyufa zimekataa. Wengi wangeishika hiyo penseli. Lakini umeifungia kadi kabatini miaka kumi na moja na kuitoa kila mwaka kama sahani za wageni, na mtoto alipokuletea kweli mkononi ukampa nne. Hapo huna utetezi, baba.

Mimi na fizikia tuliachana zamani, kwa hiyo nilimwita fundi mitambo wetu wa hapa studio. Akaanza kunieleza kwamba mawimbi yanayoibeba sauti yangu na nuru ni ukoo mmoja, yote ya sumakuumeme, tofauti ni urefu tu: wimbi letu la redio lina kama mita tatu, na la nuru nyekundu halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ndiyo maana redio inakufuata mpaka nyuma ya nyumba, na nuru inadai kitu chembamba kama unywele ndipo ionekane ikipinda. Nikamwambia apunguze maneno anionyeshe.

Saa tano asubuhi tukafunga pazia, nikang'oa unywele wangu, akaunyoosha na kuubandika kwa selotepu mbele ya leza ya kuelekezea ubaoni. Mistari ikajipanga ukutani, juu ya kalenda. Nikaisogelea na kuihesabu kwa kidole. Akaisogeza leza karibu na ukuta, mistari ikabanana, kama Mbona alivyokuambia. Kazi yote ilichukua dakika nne.

Mkeo namheshimu, ila hapa amekosea. Kadi usiichome. Ukiichoma, binti atabaki akiamini kosa ni lake, na ataishi na imani hiyo mpaka anazeeka.

Alhamisi, kipindi cha kwanza, ingia darasani na kadi, isimamishe dirishani kwenye jua ili wote waione penseli. Sema, "Niliichora mimi." Watacheka, waache wacheke, umewadanganya wao na waliowatangulia. Ripoti ya binti ifute ile nne mbele yao, kwa kalamu ile ile nyekundu, uandike alama anazostahili. Fomu mrudishie bila saini, umwambie aamue baada ya kipindi. Uamuzi ni wake, sababu aliyoandika ndiyo ya uongo, na uongo wenyewe ni wako.

Halafu fungeni mapazia mfanye jaribio lake. Leza isielekezwe machoni mwa mtu. Mtahitaji unywele mmoja, na wewe, kwa maneno yako mwenyewe, huna. Usimwombe mkeo, wala usinitumie bahasha nikuwekee wangu. Tembea mpaka kwenye dawati la yule binti, darasa zima likiangalia, umwombe yeye. Akikuuliza mbona, mjibu.