Goti Nililoazima kwa Mume Wangu

Ijumaa, Burumba, hapa Busia mpakani. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua haitaki kuamua kama inanyesha au inapita. Hata mimi sijaamua.

Leo kwangu hakukaliki. Nimekaa kibandani, nimesimama, nimefagia mahali nilipokuwa nimeshafagia, nimekaa tena. Kwa wageni wa blogu hii: nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na foleni ya malori, na wateja wangu ni madereva na maajenti wa forodha, watu ambao subira hawaijui. Dereva mmoja amenirudia na karatasi mkononi. "Madam, umenipa kopi nne za leseni. Za gari umekula?" Nimecheka, nikarudi mashineni kumtolea.

Kesho asubuhi baiskeli ya mume wangu inauzwa. Na inauzwa kwa sababu ya uongo wangu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona binti yetu Nafula. Anafundisha shule kisiwani Pate, huko mbele ya Lamu. Mimi ni mtu wa Malaba niliyeolewa Busia, na njia kama zile sikuwa nimeziona. Mchanga, mawe ya matumbawe, minazi, halafu ghafla ukuta wa mji wa kale unatokea kichakani kama vile wenyewe wamehama juzi. Siku za mapumziko Nafula na walimu wenzake huzunguka kisiwa kwa baiskeli. Kuzunguka tu! Hawabebi gunia, hawabebi abiria, hakuna anayewangoja huko waendako. Nilistaajabu sana, maana kwetu baiskeli ni kazi.

Siku ya pili Nafula akakodisha baiskeli mbili ili anitoe Siyu, penye ngome, mpaka mji wenyewe wa Pate. Alisema huko watu wanalima tumbaku katikati ya nyumba zilizobomoka, hata unakuta mtu anapalilia mahali palipokuwa sebule. Hiyo sebule nilitaka kuiona kwa macho yangu. Nikafunga leso vizuri, nikashika mkoba wangu, nikakaa.

Kwenye keria.

Kiupande, miguu pamoja, mkoba mapajani, kama nilivyokaa maisha yangu yote. Nikawa nangoja mtu aje aendeshe. Nafula akanitazama. "Mama, hiyo ni yako. Unaendesha wewe."

Jameni! Mwanamke wa miaka arobaini na saba, kutoka mji uliobeba watu kwa baiskeli kabla pikipiki hazijajulikana, mke wa mwendeshaji, na sijawahi kukanyaga pedali hata siku moja. Walimu wawili walikuwa pale wanatuangalia. Ningesema sijui, tungecheka sote na mambo yangeishia hapo. Lakini nina kiburi, na ninakijua. Nikashika mguu, nikasema goti linaniuma.

Goti bovu ni la mume wangu. Mimi nililiazima tu.

Basi nikatembea kwa miguu. Nafula anatangulia na baiskeli, anarudi kuniangalia, anatangulia tena, anarudi tena. Punda mwenye mzigo wa makuti alinipita bila hata kunitazama. Jua likapanda, tukageuza kabla ya kufika nusu ya njia, na ile sebule ya tumbaku sijaiona hadi leo. "Si kitu, Mama," Nafula aliniambia. "Utakuja tena Disemba." Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma kuliko kama angenicheka.

Kumbe alimpigia baba yake simu.

Nilipofika nyumbani nilikuta beseni la maji ya moto yenye chumvi likiningoja. Baba Nafula amebeba watu kwenye mpaka huu kwa baiskeli karibu miaka ishirini, mpaka pikipiki zikamtoa barabarani. Ada ya shule ya Nafula ilitoka kwenye miguu yake miwili. Mimi alinipeleka kwetu Malaba na kunirudisha, nikiwa mjamzito, nikiwa na kuku kwapani, nikiwa nimenuna. Tulipooana tu nilimwomba anifundishe kuendesha. Akakataa, ati watu watasema Wandera ameshindwa kumbeba mke wake. Hakusema kwa ukali, alikuwa anajivunia kunibeba. Nami nilijivunia kubebwa naye, nikaacha kuuliza.

Sasa goti lake limekwisha. Baiskeli imesimama nyuma ya nyumba, nyeusi, nzito, kiti cha abiria bado kina ile sponji na matamvua mekundu niliyoyashona mwenyewe. Kila jioni anaipangusa. Na kila jioni tangu nirudi, ananikanda goti ambalo halina ugonjwa wowote, polepole, akiniuliza kama nasikia nafuu. Nasema nasikia nafuu. Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita alisema, "Nyumba yenye magoti mawili mabovu, baiskeli ni ya nini?" Akapata mnunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu wa kubeba ndizi. Anakuja kesho saa mbili asubuhi.

Nilinyamaza. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili.

Asichokijua Baba Nafula ni kwamba najifunza. Kila asubuhi naaga kwamba nakwenda Mundika kununua mboga, naazima baiskeli ya dada mmoja wa kwaya, naingia njia ya miguu katikati ya mashamba. Naweza kwenda kama kutoka mlangoni kwangu hadi kwa jirani. Kusimama bado sijui. Leo asubuhi nimesimamishwa na mihogo. Mwenye shamba akainua kichwa, "Mama, kwani leo tena?" Nimeangukia goti, lile lile nililodanganya nalo, na sasa lina jeraha la kweli. Mtu anipe jibu hapo.

Kutwa nzima nimechechemea kibandani nikijiuliza nitamwambia nini. Kukiri uongo, sawa, nitaona haya na haya itapita. Ninachoogopa ni kumwambia mtu aliyenibeba miaka yote hii kwamba nataka kuendesha mwenyewe. Atadhani sikufurahia kule nyuma. Nilifurahia! Lakini nataka pia kufika kwenye ile tumbaku nikikanyaga mwenyewe, Nafula akiwa kando yangu, si akirudi kunichukua.

Kwa nini mtu asiyatake yote mawili?

(Mnaojiuliza kama atasoma haya: hasomi. Anasema simu ni ya kupiga.)

Sasa ni usiku, naendelea. Nimefunga kibanda saa kumi. Kufika nyumbani, beseni liko tayari. Nilipovuta sketi akaiona damu, akauona udongo, akaliona na jani la muhogo lililoganda kwenye pindo. Akaniangalia usoni. Nikayasema yote bila kuvuta pumzi: keria, walimu, goti lake, ile sebule ya tumbaku, kwaya, Mundika. "Na baiskeli usiiuze, Baba Nafula. Naitaka mimi."

Aliosha jeraha taratibu, akamwaga maji, akatoka nje. Nilibaki pale nimenyoosha mguu, nikajua nimemvunja moyo. Nilitaka kumfuata na nilitaka kujificha chini ya kitanda.

Kisha nikasikia spana.

Nilipotoka nilikuta ameshusha kiti cha mbele mpaka chini kabisa. Tangu nimjue kiti hicho hakijawahi kushushwa. Baiskeli ilikuwa kwenye stendi yake, gurudumu la nyuma limeinuka. "Panda," akasema. Nikapanda. "Kanyaga." Nikakanyaga, gurudumu likazunguka hewani, hatuendi popote, na majirani tayari wanachungulia juu ya ua.

Mara baiskeli ikalalamika, ikazama kidogo nyuma. Nikageuka. Baba Nafula amekaa kwenye keria, kiupande, miguu pamoja, kofia mapajani.

"Dada," akasema, kwa sauti ya mteja mwenye haraka, "nipeleke huko kwenye tumbaku. Na usinipitishe kwenye mashimo, nina goti."

Nimecheka, nimelia, na sikuacha kukanyaga.

Mnunuzi anakuja kesho saa mbili, na Baba Nafula amesema ataongea naye mwenyewe. Mimi saa hiyo nitakuwa Mundika na baiskeli yangu, nikijifunza kusimama. Mwenye mihogo aniwie radhi.