Kalamu ya Neema

Mjukuu wangu Furaha, ni mimi babu yako. Hapa Uvira tuko wazima, na mama yako ametoka kuvuna mahindi Runingu.

Unauliza kama ergoterapi unayosomea huko Kinshasa, ile kazi ya kuwazoeza wenye ulemavu kujifanyia mambo wenyewe, itasaidia wanafunzi kweli. Wakati wa vita nilikuwa mwalimu. Neema, mwanafunzi wangu, vidole vyake vilikuwa vimelemaa, basi nikawa ninamwandikia kila kitu, na nikajiona mwema. Siku moja mwanamke wa kazi hiyo yako akashuka kutoka Lemera, akachomeka kalamu katika kigunzi cha mahindi ili iwe nene, akampa ashike.

« Mwalimu, » akaniambia, « ni weye unasoma hapa ao ni yeye? »

Neema akaandika jina lake, kubwa, limepinda.

Sasa mikono yangu inatetemeka. Mama yako alitaka kuniandikia barua hii. Nimemwomba kigunzi.