Saa Nane na Nusu ya Amerika

Nyakabiga, Bujumbura
10 Desemba 2024

Mpendwa Dada Mwantum,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Anouar na watoto, na kwamba baridi ya huko haijawazidi. Sisi hapa tu wazima. Mvua inanyesha kila alasiri na petroli bado ni shida. Barua anakuletea Saliha, mke wa jirani yetu Moubarak, anayesafiri Alhamisi. Simu yangu nimeiuza, sababu utaiona.

Mama hajafanyiwa operesheni ya macho. Pesa ulizotuma zilifika salama, na sasa hazipo. Nimezipoteza mimi, Dada. Hakuna mwizi.

Kazi ya kushona viti haiendi siku hizi. Tangu mwezi wa sita nilikuwa nanunua na kuuza euro na dola kwenye simu, kampuni ikinikopesha mara mia kadhaa ya ninachoweka, biashara ya nusu saa, mara moja kwa mwezi: Ijumaa ya kwanza, Amerika inapotangaza habari za ajira. Shehe Mohamadi aliniambia hiyo ni kamari. Nikamjibu kwamba mcheza kamari hana sheria, mimi ninazo. Nilikuwa najidai kweli.

Siingii kabla ya habari. Bei huruka kama mbuzi aliyekata kamba, naiacha itulie ndipo naingia. Tena siweki zaidi ya kile ninachoweza kukikosa bila kulala njaa. Na lazima stopu, yaani naiagiza simu inifungie biashara hasara ikifika mahali fulani. Miezi sita sikuumia.

Saa ya kutoka habari hizo huandikwa 8:30, asubuhi ya kwao. Hapa huwa ni saa nane na nusu mchana. Nilipogundua hivyo nilifurahi mno: wanavyoandika wao ndivyo tunavyosema sisi, hakuna kujumlisha wala kutoa. Nikawatambia wenzangu barazani kwamba Amerika nao wanafuata saa ya Kiswahili.

Basi dokta akapandisha bei ya operesheni, tukapungukiwa kidogo. Kukuomba tena niliona haya, maana najua unavyohangaika na kazi mbili. Nikasema Ijumaa hii tu nizibe pengo, Jumatatu Mama aingie hospitali.

Nilitoka msikitini, nikakaa na chai yangu. Koneksio ya intaneti ilikuwa mbovu. Ilipofunguka ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi, na bei imetulia tuli. Nikajua habari imeshapita, safari hii bila kishindo. Soko lililolala hivyo litanifanya nini? Nikaweka pesa zote za operesheni. Stopu sikuweka, nikihofia mtikisiko mdogo usije ukanitoa bure.

Saa tisa na nusu habari ikatoka. Kumbe nyinyi huko Amerika mlirudisha saa zenu nyuma kwa saa moja tangu mwezi uliopita! Sisi hapa saa haiguswi, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaisogeza. Kabla sijatua kikombe, akaunti ilikuwa tupu.

Nilidhani nitalia. Sikulia, niliosha kikombe. Tangu siku hiyo nakula, nasali, nashona, lakini ndani ni kama mguu uliokufa ganzi. Aibu naijua iko, ila haijaanza kuuma. Naogopa siku itakapoanza.

Sikuombi pesa, wallahi. Ya simu nimempelekea dokta kama malipo ya mwanzo. Amesema tusikawie, jicho la kushoto presha yake imepanda. Mama nimemdanganya kwamba dokta amesafiri. Akasema, "Apana shida, mwanangu, mi nitangoja tu." Hilo jibu ndilo linalonirudia nikiwa kwenye cherehani.

Nisalimie shemeji Anouar, na Houda umwambie mjomba wake anamkumbuka. Mwenyezi Mungu awahifadhi nyote, akulipe jasho lako kwa mlango nisioujua mimi.

Jambo la mwisho. Mama yuko hapa mkekani, ubavuni kwangu. Ndiye aliyeniambia niandike, nikushukuru kwa pesa za macho yake. Yeye anataja dua, mimi naitikia "ndiyo Mama", na kalamu inaandika haya. Ameniomba nimsomee. Nimeshika karatasi hii hii, nikamsomea shukrani zake zote, neno kwa neno, akatabasamu. Sasa anataka kalamu atie jina lake. Mstari uliopinda hapo chini ni wake.

Mdogo wako, anayekupenda hata leo,
Uthmani