Kikombe cha Wageni

Mjukuu wangu Chebet,

Sisi huku Kaplong tuko salama, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza, sasa umefikisha miaka kumi na minane na makao ya watoto yanakutoa, uende wapi?

Mimi pia nililelewa na masista, wakanitoa nikiwa wa rika lako. Nikaenda kwa baba mdogo. Kila siku nilipewa kiti sebuleni na chai kwa kikombe cha maua, huku watoto wake wakinywa mursik, maziwa yetu ya mgando, jikoni, wote kutoka kibuyu kimoja. Nikadhani naheshimiwa. Wiki ya pili akaniuliza, “Mgeni, unaenda lini?”

Niliyajua hayo, na bado nikakuacha huko makaoni miaka yote, kwa sababu baba yako mkubwa hakukutaka na mimi nakaa kwake. Sina la kujitetea.

Jana nilimwambia unakuja. Akamwambia mke wake atoe kikombe cha wageni. Nikakichukua, nikakipasua mbele yao.

Ukifika, usibishe hodi mlango wa mbele. Ingia jikoni, ujimiminie mursik mwenyewe. Nitakuwa nimeketi hapo.

Kogo wako, aliyechelewa.